Moto Wenye Kuleta Baridi



Mwezi huu nataka tuongee juu ya chombo kimoja chenye munapita karibu nacho kila mara munapopeleka mutoto kupimwa kwenye santre ya afya. Ni frigo ya chanjo. Iko ndani ya chumba kidogo, mulango umefungwa, na munganga ndiye mwenye ufunguo. Mama anafika na mutoto mugongoni, anakaa kwenye benchi, anaitwa, mutoto anachomwa shindano, analia, kwisha. Hakuna mwenye kuuliza: ile chanjo ililala wapi usiku wa jana? Ililala mu baridi ao mu joto?

Mimi nauliza. Si kwa sababu niko fundi. Nilisoma Shule ya Biblia, na kule hawakutufundisha mambo ya frigo. Lakini muchungaji akikaa katika kijiji watu wanamuweka katika kila komite, na mimi niko katika komite ya afya ya kwetu, ile tunaita CODESA, tangu miaka mingi. Nilijifunza kwa macho na kwa mikono, karibu na munganga mumoja muzee mwenye alilinda frigo yake kama vile mutu maskini analinda mbuzi yake moja. Yale alinionyesha nayaandika hapa. Yatakusaidia hata kama nyumbani kwako hakuna frigo, kwa sababu ile ya santre ni yako pia.

NAMNA GANI MOTO UNALETA BARIDI?

Vijana wananiuliza sana swali hili, na ni swali nzuri. Frigo ya petroli ilitoka katika akili ya vijana kama ninyi. Mwaka wa 1922 wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walikuwa wanasoma shule kubwa ya ufundi katika muji wa Stockholm, wakatengeneza frigo yenye haina motere. Kampuni ya Electrolux ikaanza kuiuza mwaka wa 1925. Katika nchi zetu, pahali umeme haujafika, ilikuwa musaada mukubwa kwa wanganga na kwa wamisionere.

Angalia mabomba ya nyuma. Yamefungwa kabisa tangu fabriki. Ndani muna maji, muna kitu chenye harufu kali kinaitwa amonia, na muna hewa inaitwa hidrojeni. Taa ya petroli chini inapasha moto maji yenye amonia. Amonia inatoka kama mvuke, inapanda, inapoa kule juu na kugeuka maji-maji. Kisha inashuka upande wa ndani, inakutana na hidrojeni, na pale inageuka mvuke tena. Sasa shika neno hili: kitu chenye kinageuka mvuke kinakula joto. Wewe mwenyewe unajua. Ukitoka kuoga katika muto Luama na upepo unapiga, unatetemeka hata kama jua ni kali, kwa sababu maji yenye inakauka juu ya mwili inabeba joto yako. Mutungi wa udongo wa bibi unafanya vilevile: maji inatoka kidogo-kidogo inje ya mutungi, inakauka, na yenye kubaki ndani inakuwa baridi. Ndani ya frigo ni amonia ndiyo inakula joto. Kisha maji inaimeza tena, inarudi chini kwa moto, na safari inaanza upya, usiku na muchana, bila sauti.

Kwa hiyo frigo hii inaomba vitu vitatu tu: moto safi, kusimama sawasawa, na nafasi ya kupumua. Karibu kila ugonjwa wake unatoka katika moja ya hivyo vitatu.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Chanjo nyingi za watoto zinapaswa kukaa kati ya digri 2 na digri 8. Joto ikizidi, chanjo ya shurua na ya polio zinaharibika. Baridi ikizidi mpaka kugandisha, chanjo ya tetanosi na ile ya magonjwa matano pamoja zinakufa. Na jambo baya ni hili: chupa haibadilike sana. Haioze kama samaki, hainuke. Munganga anaweza kumuchoma mutoto maji tu, na mama anarudi nyumbani na furaha.

Ni kweli, juu ya chupa nyingi kuko alama ya kusaidia: muraba mudogo ndani ya duara. Muraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Muraba ukilingana na duara kwa weusi, ao ukizidi, tupa. Mama, unayo haki ya kuomba munganga akuonyeshe. Uliza kwa heshima. Munganga mwenye kufanya kazi yake vizuri atafurahi. Lakini ile alama inaonyesha joto tu. Haionyeshe kama chanjo iliganda.

Kasongo yetu ni jina lenye madaktari wa mbali wanalijua. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa pamoja na wanganga wetu, na mwaka wa 1981 gazeti kubwa la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapa uchunguzi wao juu ya chanjo ya shurua na maisha ya watoto wa Kasongo. Kazi ya chanjo ya nchi nzima, PEV, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Tena kisha vita za 1996 na 1998 zikapita, na wengi wenu munakumbuka namna santre nyingi ziliporwa, hata milango na manjanja.

Halafu ikaja shurua ya 2019. Mpaka wakati serikali ilitangaza mwisho wake, Agosti 2020, watoto zaidi ya 7,000 walikuwa wamekufa katika Kongo. Mimi nilizika. Katika kijiji kimoja, kwenye matanga, baba mumoja alinishika mukono, akaniambia:

«Pasta, huyu mutoto alichanjwa. Karte iko hapa, angalia. Namna gani akufe na ugonjwa wenye alichanjwa?»

Chanjo ya shurua, hata yenye ililindwa vizuri, haikamate kwa kila mutoto; ndiyo maana kuko dozi ya pili. Nilimwambia vile, na ni kweli. Lakini kisha majuma machache mukubwa wa zone ya afya alipita kukagua santre moja ya upande ule, yenye sitaitaja. Alikuta termometa inaonyesha digri 14. Karatasi yenye wanaandika joto asubui na mangaribi ilikuwa imejaa: 4, 4, 4, mwezi muzima, kalamu moja, mwandiko mumoja. Hata siku zenye zilikuwa hazijafika bado zilikuwa zimeandikwa 4.

Habari ilitembea kuliko pikipiki. Wamama wakaacha kwenda. Wengine wakasema chanjo ni uongo, wengine wakasema ni sumu. Kurudisha frigo katika digri 4 ilikuwa kazi ya siku mbili. Kurudisha wamama kwenye benchi ilichukua zaidi ya mwaka, nyumba kwa nyumba. Ona basi, ndugu musomaji, frigo yenye haiangaliwe inaharibu chanjo, na inaharibu pia imani ya watu kwa munganga.

KAZI YA KILA SIKU NA YA KILA JUMA

1. Soma termometa mara mbili kwa siku, asubui na mangaribi, hata siku ya Mungu, hata sikukuu. Andika yenye umeona, si yenye unapenda.

2. Angalia moto. Moto muzuri ni wa rangi ya bluu, haupige moshi. Joto ndani ikizidi, panua moto kidogo. Baridi ikizidi, punguza. Kisha ngojea saa nyingi mbele ya kugusa tena. Frigo hii haina haraka.

3. Jaza tanki mbele haijaisha. Frigo inakula karibu litra moja kwa siku, maana yake bidoni na nusu ya litra 20 kwa mwezi. Petroli yetu inatoka mbali, inashuka kwenye gari-moshi pale Samba, inapakiwa juu ya baiskeli, inapita katika mikono mingi. Njiani inaingia maji na uchafu. Acha bidoni itulie usiku muzima, mimina polepole kupitia kitambaa safi, na ile ya chini kabisa usiiweke.

4. Esansi, hapana! Wafanyabiashara wengine wanachanganya petroli na esansi. Ile haiharibu frigo tu, inachoma nyumba na watu. Ukisikia harufu ya esansi katika bidoni, irudishe.

5. Kila juma, zima moto, kata utambi sawasawa, pangusa mahali pa moto, na toa masizi katika bomba ya moshi kwa burashi yake. Masizi ni kama blanketi: moto unawaka lakini joto haipite.

6. Barafu ndani ikifika unene wa kidole kidogo, hamisha chanjo ndani ya sanduku la baridi na uache barafu iyeyuke yenyewe. Usitumie kisu. Ukitoboa bomba, frigo imekufa.

7. Weka chupa za maji pahali penye wazi ndani ya frigo. Zinashika baridi, na petroli ikikosa, zinakupa saa za kukimbia kutafuta ingine. Chanjo zisigusane na kuta, zisiwekwe mu mulango.

FRIGO IKIKATAA

Siku moja kijana mulinzi alikuja mbio kwangu: «Pasta, moto iko inawaka muzuri, lakini baridi hakuna!» Tulienda na muzee munganga. Hakufungua kitu. Alichukua chupa yenye maji kidogo tu yasiijaze, akaifunga, akailaza juu ya frigo. Povu ya hewa ikakimbilia pembeni. Muguu mumoja wa frigo ulikuwa umezama katika sakafu ya udongo baada ya mvua. Tukaweka kipande cha ubao chini, povu ikakaa katikati, na kesho yake termometa ilikuwa 7. Maji na amonia inashuka yenyewe ndani ya mabomba, hakuna motere ya kuisukuma. Frigo ikiinama, inasimama njiani.

Basi fuata mupango huu. Kwanza, je, imesimama sawa? Pili, moto ni wa bluu? Ukiwa wa manjano na moshi, ni utambi ao uchafu. Tatu, bomba ya moshi ni safi? Ine, mulango unafunga? Weka karatasi, funga mulango, vuta karatasi; ikitoka bila kukataa, mpira wa mulango ni muchafu ao umechoka. Uoshe na sabuni mbele ya kulalamika. Tano, nyuma kuko nafasi? Frigo iachane na ukuta shubiri moja na zaidi, jua lisiipige, na upepo wa dirisha usicheze na moto. Chumba chenye manjanja bila dari kinakuwa tanuru saa nane ya muchana; dari ya mikeka ao nyasi juu ya manjanja inasaidia sana.

Kama frigo ilisafiri imelala juu ya gari, isimamishe siku nzima mbele ya kuwasha. Na kama yote ni sawa lakini baridi haije, wazee wa zamani walikuwa wanatoa tanki ya petroli, wanapindua frigo kichwa chini saa nyingi, wanaisimamisha tena siku moja, kisha wanawasha. Mara ingine inasikia.

Lakini ukisikia harufu kali ya amonia, yenye kuchoma macho na pua, zima moto, fungua madirisha, toa watu. Bomba imepasuka, na hakuna fundi wa kijiji mwenye atalitengeneza. Usikubali mutu akudanganye na kulehemu.

Wakati unatafuta ugonjwa, chanjo zisingojee. Ziingie katika sanduku la baridi na vipande vya barafu, ziende santre ya jirani. Vile vipande, ukivitoa, vitikise kwanza. Ukisikia maji inacheza ndani, sasa unaweza kuviweka karibu na chanjo. Vikiwa vigumu kabisa vinaweza kuzigandisha.

SUKRE NA BIA MU FRIGO YA CHANJO

Nawaambia habari ya mwaka mumoja petroli ilipokosa feza. Tulikuwa tumebaki na tanki nusu. Negosian mumoja mwenye kutoka kwenye machimbo akakuja mbele ya komite na maneno matamu: yeye atalipa petroli ya mwezi muzima, na sisi tutamuruhusu kuweka kreti tatu za sukre na bia katika frigo kila mwisho wa juma, kwa ajili ya wachimbaji wenye wanashuka na feza.

Ndugu, usifikiri ilikuwa jambo jepesi. Wengine katika komite walisema tukubali. Walisema: bila petroli chanjo zitakufa, na petroli huyu mutu iko nayo. Wengine walisema sukre sawa, bia hapana. Muzee munganga akaeleza: kila chupa ya moto yenye inaingia, inaiba baridi ya chanjo, kila mara mulango unafunguliwa, baridi inamwangika chini kama maji, na siku ya posho mulango ungefunguliwa mara makumi. Kisha mama mumoja, muuzaji wa mafuta ya ngazi, akasema neno lenye lilimaliza mabishano:

«Tukikubali, tutakuwa na petroli, na chanjo hatutakuwa nayo. Sasa ile petroli ni ya nini?»

Tulikataa. Negosian akapeleka kreti zake pahali pengine, wala hakutupa kitu. Na sisi tukafanya hivi: kila nyumba yenye mutoto wa chini ya mwaka tano ilete kopo moja ya muchele kwa mwezi. Mwenye hana muchele alete karanga. Wamama wawili wakachaguliwa kuuza sokoni, na mbele ya watu wote wakanunua petroli, na bidoni ikahesabiwa. Hakuna mutu alitajirika, lakini moto haukuzimika. Ninyi wa machimbo munajua kuhesabu gramu ya zahabu. Kopo moja ya muchele haiwashinde.

WENYE MUKO NA PLAKE ZA JUA

Leo wakubwa wa afya wanaacha frigo za petroli na kuleta za jua. Ni vizuri: hakuna bidoni, hakuna moshi. Aina mupya haina hata batri. Jua likiwaka inatengeneza barafu ndani ya kuta zake, na ile barafu inashika baridi usiku na siku za mawingu. Lakini usifikiri kwamba haiombe kazi. Vumbi ya kiangazi inafunika plake. Zioshe asubui na maji na kitambaa laini, wakati ni baridi. Muembe wenye ulikuwa mudogo plake zilipofungwa, leo umekua na unatia kivuli, kata matawi. Kwa sisi wa upande huu wa ikweta plake ziangalie kaskazini, ziiname kidogo ili mvua izioshe. Angalia panya, wanakula nyaya.

Na kama frigo ni ya batri, usikubali simu za kijiji na televizyo ya mechi ziwekwe pale. Mutu mumoja anachomeka simu, kesho ni makumi mawili, na batri yenye ingeishi miaka inakufa haraka.

NYUMBANI NA KWENYE BIRO

Wengine wenu muko na frigo ya motere yenye kutembea na grupu. Umeme ukikatika, ngojea dakika tano mbele ya kuiwasha tena, maana motere ikianza na muzigo inaungua. Toa vumbi nyuma. Usiingize sufuria ya moto.

Na wenye wanafanya kazi katika biro zenye klimatizeri, musiseme ni kitu cha wazungu chenye kinajiangalia. Toa chujio la mbele, lioshe na maji, likauke kivulini, kila majuma mawili wakati wa vumbi. Ile sehemu ya inje, iondolee nyasi na viota vya manyigu. Maji ikimwangika ndani ya nyumba, bomba ya kutoa maji imezibwa. Barafu ikionekana juu ya mabomba, anza na chujio. Na fundi mwenye anakuambia gazi yake inaisha kila mwaka kama petroli, muulize: iliisha kwa njia gani? Gazi hailiwe. Ikipunguka, kuko tundu, na tundu litafutwe kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawaomba jambo moja. Juma hili, mukienda kupimisha watoto, mujulishe munganga kwamba munapenda kuona karatasi ya joto. Muangalie kama kalamu inabadilika, kama tarakimu zinapanda na kushuka kama vile siku zetu zinapanda na kushuka. Mukikuta munganga mwenye anaandika kila siku, hata siku ya Mungu, mumushukuru, maana ile kazi hakuna mutu anaiona. Na muulize kama petroli iko.

Mungu alinde nyumba zenu na watoto wenu.